Saini karibu 24,000 kwenye mpini wa ufagio: Jumamosi mbili katika chumba cha kusomea, Mwanza

Kwa miezi kadhaa sasa, chumba kimoja cha kusomea kilichopo ghorofani katika mitaa ya Makoroboi, jijini Mwanza, kimekuwa kikiendesha kila Jumamosi asubuhi kipindi chenye urefu wa saa tatu kuhusu maisha ya Kate Sheppard, mwanamke aliyeongoza harakati zilizowapatia wanawake wa New Zealand haki ya kupiga kura mwaka 1893. Kiingilio ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mwanafunzi, na ndani yake mna chai ya tangawizi na vitumbua. Nimehudhuria mara mbili, mara ya kwanza peke yangu na mara ya pili nikiwa na mama yangu mdogo, na ninaandika tathmini hii kwa sababu wenzangu wawili kazini wameniuliza kama kuna faida yoyote ya kulipa fedha hiyo ili kusikiliza habari za mwanamke wa Kizungu aliyefariki mwaka 1934 katika visiwa ambavyo wengi wetu hatutavifika. Jibu langu ni kwamba mtu alipe na aende, tena awahi. Lipo hata hivyo jambo moja kubwa ambalo kipindi hiki kimeliacha, na kwa kuwa ni jambo linalotugusa sisi wa Kanda ya Ziwa kuliko mengine yote yaliyosemwa pale, nitalieleza kwa kirefu.

Chumba chenyewe ni cha kawaida. Kuna rafu tatu za vitabu, viti vya plastiki, mikeka miwili kwa watakaopenda kukaa chini, na madirisha mawili yanayotazama mtaani. Ngazi za kukifikia ni nyembamba na upande mmoja hazina pa kushikilia; mama mdogo, ambaye magoti yanamsumbua, alipumzika mara mbili kabla ya kufika juu, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kufika kabisa. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu, alikiri jambo hilo mwenyewe na kusema kwamba anatafuta chumba cha chini. Ninaomba akipate mapema, maana haki inayosimuliwa mahali pasipofikika na watu wote inapungukiwa na kitu.

Kipindi huanza kwa noti. Mwenyeji huinua noti ya shilingi 5,000 aliyopokea mlangoni, yenye picha ya kifaru, kisha huonyesha ukutani picha iliyokuzwa ya noti ya dola 10 ya New Zealand, yenye sura ya mwanamke aliyefunga nywele juu na maua meupe ya kamelia kando yake. Anawauliza wasikilizaji huyo ni nani, kwa kuwa nchi haiweki sura ya mtu kwenye fedha yake bila sababu. Siku ya kwanza hakuna aliyejibu. Siku ya pili kijana mmoja wa sekondari alisema ni malkia, na mwenyeji akamjibu kwa upole kwamba huyo hakuwahi kuwa hata mbunge, kwa sababu sheria aliyoipigania iliwapa wanawake haki ya kuchagua tu, na haki ya kuchaguliwa bungeni ikasubiri hadi mwaka 1919.

Maisha yake ya awali yanapitiwa haraka, na nadhani ni sawa. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, na wazazi wenye asili ya Scotland, akapewa jina la Catherine Wilson Malcolm, ingawa mwenyewe alipenda kuitwa Kate. Baba yake alifariki yeye akiwa bado msichana, na mwanzoni mwa mwaka 1869 alihamia Christchurch pamoja na mama yake na ndugu zake. Aliolewa na Walter Sheppard mwaka 1871 na wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 1885 aliingia katika umoja wa wanawake Wakristo wa kupinga ulevi, na miaka miwili baadaye akakabidhiwa idara ya umoja huo iliyoshughulikia haki ya kupiga kura. Wanawake wale walikuwa wameona kwamba wanaume walikuwa wakinywea mishahara wakati watoto wanalala njaa, na kwamba kila walipoomba sheria ya kudhibiti pombe waliombwa wasubiri na watu ambao hawakuhitaji kura za wanawake. Sehemu hii haikuhitaji maelezo mengi. Mama mmoja aliyekaa mkekani, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni kwa jinsi alivyojitambulisha, alisema kwa sauti ya chini, “Gongo hiyo,” na chumba kizima kikaitikia kwa kuguna.

Baada ya hapo huja saa nzima ambayo kwangu ndiyo inayolipa kiingilio chote. Mwenyeji anaweka mezani rundo la karatasi zilizochorwa mistari, bakuli la uji mzito wa unga wa muhogo, na mpini wa ufagio uliokatwa. Anaeleza kwamba mwaka 1891 wanawake wa New Zealand walipeleka bungeni maombi yenye saini zaidi ya 9,000, mwaka 1892 yakawa na karibu 20,000, na mara zote mbili sheria haikupita. Mwaka 1893 walikusanya karibu 32,000. Ombi kubwa kuliko yote, ambalo peke yake lilikuwa na saini karibu 24,000, lilitoka kwenye karatasi 546 zilizozungushwa nyumba kwa nyumba, mijini na mashambani, kisha zikatumwa Christchurch kwa Kate Sheppard, ambaye aliziunganisha moja baada ya nyingine kwa gundi na kuzivingirisha kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Baada ya maelezo hayo mwenyeji hanyamazi ili tupige makofi, anampa kila mtu karatasi na kusema, “Haya, unganisheni.”

Nilidhani ni mchezo wa watoto, nikakosea. Karatasi yangu ya kwanza ilikaa upande, ya pili ikalowa na kuchanika. Kijana anayemsaidia mwenyeji alikuwa akipita na brashi ya katani, akipaka uji huku na huku kwa haraka, mpaka bibi mmoja kutoka Ukerewe, aliyekuja mjini kumwona mwanawe, alipomshika mkono.

“Shikamoo bibi,” kijana akasema.

“Marahaba mjukuu wangu. Uji huu umeupika wewe?”

“Ndiyo bibi.”

“Ni mwepesi. Karatasi inakunywa maji. Urudishe jikoni, uongeze unga, halafu uchote kwa kidole. Ukining'inia kidogo kabla haujadondoka, hapo umeiva.”

Kijana akaurudisha jikoni. Uji uliporudi, bibi aliupaka kwa kidole chake mwenyewe, utepe mwembamba pembeni tu, akaweka karatasi ya pili juu yake, akaipiga pasi kwa ubavu wa kiganja kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke, kisha akainua vipande vyote viwili hewani kuonyesha kwamba havikuachana. Kidole cha yule mama wa dagaa kiliacha kwenye karatasi yake alama ndogo inayong'aa ya magamba, na akaomba radhi. Mwenyeji alimwambia aiache hapo hapo. Katika saa nzima, sisi watu ishirini na kitu tuliunganisha karatasi 62. Hapo ndipo hesabu ya 546 iliponiingia mwilini. Nilitazama vidole vyangu vilivyoganda uji, nikamfikiria mwanamke mwenye nyumba ya kuangalia na mtoto wa kulea, akiinama mezani kwake hadi karatasi zote hizo zikawa kitu kimoja chenye urefu wa zaidi ya mita 270. Ukitaka kuupata urefu huo kwa macho, panga viwanja viwili na nusu vya mpira, vya kiasi cha CCM Kirumba, mkia kwa kichwa.

Niliwahi kufanya kazi ya karani wa uandikishaji wa wapiga kura, na ninajua kwamba haki hii, kabla haijawa hotuba, huwa ni karatasi, foleni, wino na mtu anayeuliza jina lako linaandikwaje. Nimeshika vidole vya akina mama ambavyo mashine ilishindwa kusoma alama zake kwa sababu jembe limezifuta. Kwa hiyo ninasema kwa uhakika kwamba anayefundisha historia ya kura kwa kuwapa watu karatasi na gundi ameiona kazi hiyo ilivyo. Mihadhara mingi niliyowahi kuisikia kuhusu haki za wanawake humwonyesha shujaa akiwa jukwaani. Hapa tulimwona mezani.

Karatasi zetu zilivingirishwa kwenye mpini, zikaongezwa kwenye nakala iliyokusanywa na waliotutangulia, na mwenyeji akatuomba tusimame pande mbili. Akaeleza jinsi mbunge John Hall, aliyekuwa mstari wa mbele kuwatetea wanawake, alivyolipeleka ombi lile bungeni na kulikunjua katikati ya ukumbi, mpini ukabingirika hadi ukagonga ukuta wa mwisho. Kijana akausukuma mpini wetu. Ulivuka chumba, ukatoka mlangoni, ukaanza kushuka ngazi ukigonga kidato kimoja kimoja, na karatasi ikafuata nyuma yake kama ulimi. Chini fundi saa aliudaka, akapaza sauti kuuliza kuna nini huko juu. Mama mdogo alicheka hadi akatoa machozi, kisha akanyamaza, kisha akaniambia kwamba majina ya watu yana uzito. Alikuwa akiitazama karatasi.

Sehemu ya kura yenyewe inaigizwa, na inaigizwa vizuri. Kila mtu anapewa ua la kitambaa, jeupe au jekundu, kwa kuwa waliounga mkono muswada walipewa kamelia nyeupe na waliopinga wakavaa nyekundu. Muswada ulikuwa umekwisha kupita katika Baraza la Wawakilishi, na kikwazo kilikuwa baraza la juu, la kutunga sheria. Waziri Mkuu Richard Seddon, aliyeshika nafasi hiyo baada ya John Ballance kufariki mwezi Aprili, hakuupenda muswada, akampelekea simu ya maandishi mjumbe mmoja wa baraza la juu ili ageuze kura yake. Wajumbe wengine wawili waliokuwa wapinzani walichukizwa na ujanja huo, wakavuka upande wa pili kwa hasira. Tarehe 8 Septemba 1893 muswada ukapita kwa kura 20 dhidi ya 18, na tarehe 19 mwezi huo huo Gavana akautia saini. Siku ya pili mimi nilikuwa na ua jekundu, na nikaambiwa nihame. Hata kwa kuigiza, ule mwendo wa hatua nne kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, macho ya watu yakiwa juu yangu, ulinifundisha kitu kuhusu kubadili msimamo hadharani.

Mwenyeji anaeleza pia kwamba wapinzani nao walikusanya saini. Mbunge Henry Fish wa Dunedin alituma watu wa kulipwa kuzungusha maombi ya kupinga katika vilabu vya pombe, na ilipobainika kwamba saini nyingi zilikuwa za uongo au zilipatikana kwa hila, jambo hilo likamgeukia. Nilitamani sehemu hii ichukue dakika kumi zaidi. Tofauti kati ya saini iliyonunuliwa klabuni na saini iliyofuatwa kwa miguu hadi mlangoni ni somo ambalo vijana wetu wanalihitaji, na pale lilipita kama upepo.

Sasa nifike kwenye upungufu. Kijitabu kinachogawiwa mlangoni, chenye kurasa nane za maandishi madogo mno kwa macho ya watu wazima, kinasema kwamba New Zealand ndiko wanawake walikopiga kura kwa mara ya kwanza duniani. Kauli hiyo inahitaji kurekebishwa. Wyoming, iliyokuwa wakati huo eneo la Marekani lisilokuwa bado jimbo, iliwapa wanawake kura mwaka 1869. Sifa ya New Zealand ni kwamba ilikuwa nchi ya kwanza yenye serikali yake ya ndani kuwapa wanawake wote wazima haki ya kuchagua bunge, ingawa bado ilikuwa koloni la Uingereza. Kijitabu hicho hicho kinamwonyesha Kate Sheppard kana kwamba alitembea nchi nzima peke yake. Kule Dunedin, Harriet Morison wa chama cha mafundi cherehani wanawake alikuwa akikusanya saini kwa nguvu kubwa miongoni mwa wafanyakazi wa viwandani. Mtaa huu wa Makoroboi umejaa akina mama wa cherehani, na kumwacha Morison ni kuwanyima jirani zao wa chini ya ngazi mtu wa kujitambulisha naye.

Lakini hayo ni madogo mbele ya hili. Katika saa tatu, mara zote mbili, sikusikia neno hata moja kuhusu wanawake wa Kimaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Sheria ya mwaka 1893 iliwahusu nao pia, na walipiga kura katika majimbo ya Wamaori mwaka huo huo. Zaidi ya hapo, mwezi Mei mwaka huo, kabla sheria haijapita, mwanamke aliyeitwa Meri Te Tai Mangakāhia alisimama mbele ya Te Kotahitanga, bunge lililoundwa na Wamaori wenyewe, akaomba wanawake waruhusiwe kupiga kura humo na hata kuchaguliwa kuwa wajumbe. Alidai zaidi ya alichodai Kate Sheppard mwaka ule, na hoja yake ilikuwa ardhi. Alisema kwamba wanawake wengi wa kabila lake walimiliki ardhi, wengine walikuwa wajane, wengine walikuwa na ujuzi wa kuisimamia kuliko wanaume zao, na kwa hiyo haikuwa haki mambo ya ardhi yaamuliwe bila wao.

Ninaomba msomaji atue hapo kidogo na aitazame Mwanza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba, ng'ambo ya Ziwa, aliuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiyekuwa wa ukoo wao. Mpwa wake akaenda mahakamani kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi hiyo, Ephrahim dhidi ya Pastory, ilipanda hadi Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inabagua, inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale anayouzia mwanamume. Miaka tisa baadaye, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zikaweka wazi kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mahakama ilikotolewa hukumu ile na chumba tulimokuwa tunaunganisha karatasi vimo katika mji mmoja. Wale akina mama waliokaa mkekani, ambao karibu kila mmoja ana hadithi ya kiwanja au shamba lililoingiliwa na shemeji baada ya msiba, wangemwelewa Meri Te Tai kwa sentensi moja. Kate Sheppard alihitaji saa tatu kuwafikia. Meri angefika kabla chai haijapoa.

Nilimwendea mwenyeji baada ya kipindi cha pili na kumwambia haya yote, kwa adabu inayomstahili mtu aliyefundisha miaka mingi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alisema vitabu alivyovipata havikumtaja mwanamke huyo, na kwamba yeye alitaka simulizi iwe fupi na rahisi kubeba. Namwelewa, lakini sikubaliani naye. Simulizi inayobebeka kwa sababu imeachwa nyuma nusu yake hufika nyumbani ikiwa imepungua, na watakaoikosa nusu hiyo ndio waliopanda ngazi kwa taabu.

Dakika kumi na tano za mwisho zinahusu Tanzania, na hizo pia ni chache. Mwenyeji anataja uchaguzi wa kura tatu wa mwaka 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ambapo masharti ya elimu, kipato au wadhifa yaliwaacha nje watu wengi, wanawake wakiwa wa kwanza. Anamtaja Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza sehemu ya wanawake ya TANU tangu mwaka 1955 na aliyetumia vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam kuwaingiza wanawake katika chama kwa wingi. Hapo angeweza kuongeza kwamba kwa miaka hiyo, hadi 1958, serikali ya kikoloni ilikizuia chama hicho kufanya kazi katika sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa, kwa hiyo mama wa Mwanza aliyetaka kufanya alichofanya Bibi Titi alikuwa na mlima wa ziada wa kupanda. Kisha anamtaja Getrude Mongella, na hapo yule bibi wa Ukerewe akainuka kitini. “Huyo ni wa kwetu,” akasema, na ni kweli. Mongella alizaliwa Ukerewe mwaka 1945, akawa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, akawa mbunge wa Ukerewe, na mwaka 2004 akachaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Uso wa bibi yule wakati anasema maneno hayo manne ulikuwa umejaa kuliko picha zote za ukutani, na mwenyeji, kwa kubanwa na muda, akapita kwenye jambo linalofuata. Angemwachia bibi azungumze.

Ninachokisifu bila sharti ni namna kipindi kinavyoshughulikia kilichotokea baada ya ushindi. Sheria ilipotiwa saini zilibaki wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 1893, na Kate Sheppard na wenzake walirudi tena milangoni, safari hii kuwahimiza wanawake wajiandikishe. Walijiandikisha 109,461, na 90,290 wakapiga kura. Waliokuwa wametabiri vurugu na walevi vituoni walikuta siku imepita kwa utulivu. Siku iliyofuata, mji wa Onehunga ulimchagua Elizabeth Yates kuwa meya, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika himaya yote ya Uingereza. Mwaka 1896 Kate Sheppard akawa rais wa kwanza wa baraza la kitaifa la wanawake, na kwa miaka kadhaa alihariri gazeti lililomilikiwa na kuendeshwa na wanawake. Mwanawe wa pekee alitangulia kufariki, mwaka 1910. Yeye mwenyewe aliishi kuona mwanamke wa kwanza, Elizabeth McCombs, akiingia bungeni mwaka 1933, na akafariki Christchurch mwezi Julai mwaka uliofuata. Ombi lenyewe bado lipo. Limehifadhiwa Wellington na watu wanakwenda kulitazama.

Ukutani kuna maneno yanayonasibishwa na Kate Sheppard, yaliyoandikwa kwa mkono, yanayosema kwamba mtu asidhani kura yake moja haina maana, kwa kuwa mvua inayoiburudisha ardhi iliyokauka ni matone. Chini yake mtu ameongeza kwa penseli: haba na haba. Niliyapenda yote mawili.

Kwa atakayekwenda, maelezo ya kufaa ni haya. Matangazo yanasema kipindi kinaanza saa tatu asubuhi. Mara zote mbili kilianza karibu saa nne, kwa hiyo mwenye safari ya mchana ajipange, hasa wanaorudi Ukerewe kwa kivuko. Kaa mbali na madirisha, kwa sababu kelele za bajaji na spika za matangazo ya mtaani humeza sauti ya mwenyeji, ambaye hatumii kipaza sauti. Vaa nguo ambayo haitakusikitisha ikidondokewa uji. Wanaume wanakaribishwa, siku ya pili walikuwa watano, na mmoja wao ndiye aliyeunganisha karatasi nyingi kuliko sote. Watoto wa chini ya miaka kumi watachoka wakati wa maelezo ya mabaraza mawili, ila kwenye gundi watafurahi.

Alama yangu ni nne kati ya tano, na ya tano nimeiweka akiba. Tulipokuwa tunaaga, mama mdogo alikuwa tayari ameshika ukuta kuanza kushuka, na mwenyeji alinifuata mlangoni na daftari. Aliniomba nimwandikie jina la Meri Te Tai Mangakāhia herufi kwa herufi, na mwaka. Akayasoma kwa sauti mara mbili, akauliza kile kimstari kilicho juu ya herufi kinasomwaje, nikamwambia kwamba kinarefusha sauti ya a. Akasema ataanza kumtafuta Jumatatu.